Mfuko wa Mbolea kwa Nusu Bei: Nani Hulipa Nusu Iliyobaki?

Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye kilele cha sherehe za Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea. Mfuko wa kilo 50 wa DAP, ambao bei yake ilikuwa imepanda hadi kupita shilingi 130,000, ukashushwa hadi 70,000. Urea, iliyokuwa karibu na 125,000, nayo ikawa 70,000. CAN ikawa 60,000 na SA 50,000. Serikali ilitenga shilingi bilioni 150 kufidia tofauti hiyo, na misimu iliyofuata ruzuku imeendelea.

Mkulima wa mahindi wa Songea au Sumbawanga hakuhitaji kuelezwa uzuri wa habari hiyo. Kinachohitaji maelezo ni ile sehemu ya bei ambayo yeye hailipi dukani. Lazima yupo anayeilipa, naye ni yule yule mkulima pamoja na majirani zake, kupitia kodi iliyomo kwenye mafuta ya gari, sabuni na muda wa maongezi wa simu. Kwa hiyo kila mwananchi, awe analima au halimi, ana haki ya kuuliza kama fedha hiyo inazaa. Makala hii inapanga hoja za pande zote mbili, kisha inaonyesha namna ya kupiga hesabu ya shamba lako na maswali ya kupeleka kwenye mkutano wa kijiji.

Ruzuku huja kwa sura nne

Ruzuku ni fedha ya umma inayotumika kumpunguzia mtu gharama au kumwongezea kipato. Katika kilimo ina sura kuu nne.

Ya kwanza ni ruzuku ya pembejeo, yaani mbolea, mbegu na viuatilifu. Mkulima hapewi fedha mkononi. Analipa bei pungufu kwa wakala, na upande wa wauzaji unadai fidia serikalini. Fidia ikichelewa, muuzaji hana mtaji wa kuleta mzigo mwingine, na duka la kijijini linakaa tupu ingawa bei nafuu inatangazwa redioni kila siku.

Ya pili ni ruzuku ya bei ya mazao. Serikali hununua kwa bei iliyo juu ya ile ya soko. Novemba 2018, wanunuzi wa korosho walipong'ang'ania bei ndogo, Rais John Magufuli aliagiza serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kusomba mzigo huko kusini.

Ya tatu ni ruzuku kwa mlaji. Julai 2022 serikali ya Kenya ilishusha bei ya pakiti ya unga ya kilo mbili kutoka zaidi ya shilingi 200 za Kenya hadi 100, majuma machache kabla ya uchaguzi wa tarehe 9 Agosti. Serikali mpya ya William Ruto, iliyoingia Septemba, haikuiendeleza, ikasema ni heri fedha hiyo iende kwenye mbolea.

Ya nne ni malipo ya moja kwa moja kwa mkulima, kama yanavyofanyika Ulaya. Sera ya pamoja ya kilimo ya Umoja wa Ulaya ilianza mwaka 1962, na hadi leo inachukua karibu theluthi moja ya bajeti ya umoja huo.

Sura hizi haziwanufaishi watu wale wale. Ruzuku ya unga humfaa anayenunua, ile ya bei ya mazao humfaa mwenye ziada ya kuuza, na ile ya mbolea humfaa mwenye ardhi na fedha ya kulipia sehemu iliyobaki. Ukisikia serikali imetoa ruzuku, uliza kwanza ni ipi. Hapa tutakaa zaidi kwenye mbolea, kwa kuwa ndiko fedha nyingi ya ruzuku za kilimo ya Afrika Mashariki na ya jirani zetu wa kusini inakokwenda.

Tulikopita

Ruzuku ya mbolea haikuanza mwaka 2022. Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania ilishusha bei ya mbolea na pia kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Rukwa, aliye mbali na Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita elfu moja, akalipwa sawa na wa Morogoro. Gharama ya lori ikawa juu ya serikali. Sera hiyo ndiyo iliyoisaidia Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma kuwa mikoa inayotegemewa kwa mahindi. Lakini mzigo ulizidi nguvu za hazina, mashirika ya umma yakalemewa na madeni, na kufikia katikati ya miaka ya 1990, wakati wa mageuzi ya uchumi, ruzuku ilikuwa imeondolewa.

Ilirudi mwaka 2003 kwa kufidia usafirishaji. Kisha, bei za dunia zilipopanda mwaka 2008, ukaja mpango wa vocha uliosaidiwa na Benki ya Dunia na kuendelea hadi msimu wa 2013/14. Mkulima mdogo alipewa vocha za kutosha ekari moja: mbolea ya kupandia (mfuko mmoja wa DAP au miwili ya Minjingu), mfuko mmoja wa urea, na mbegu bora. Vocha zililipia takriban nusu ya bei, nusu nyingine akatoa mwenyewe. Majina yalichujwa na kamati ya vocha ya kijiji. Kila kaya ilitakiwa kunufaika kwa misimu mitatu, kisha ijitegemee.

Mwaka 2017 Tanzania ikaanzisha ununuzi wa pamoja wa mbolea chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea (TFRA), kwa nia ya kupata bei nafuu kwa kuagiza meli kubwa. Mwaka 2022 ikaja ruzuku ya sasa, ambayo imeacha vocha za karatasi na kutumia daftari la wakulima lililo kwenye mfumo wa kidijitali. Kenya ilikwenda njia hiyo hiyo: Septemba 2022 mfuko wa kilo 50 ulishushwa hadi shilingi 3,500 za Kenya, na mwaka uliofuata hadi 2,500, kwa wakulima waliosajiliwa.

Wanaoitetea wanasema nini

Hoja yao ya kwanza ni ya mtaji. Mbolea inahitajika Novemba au Desemba mvua zinapoanza, wakati ambapo mkulima ameshauza mahindi yake na fedha imekwenda kwenye ada za shule na matibabu. Benki chache zinakopesha mkulima asiye na hati ya ardhi. Hata akijua kwamba mbolea ingemlipa, hana cha kununulia.

Hoja ya pili ni ya mishtuko inayotoka nje. Tanzania na Kenya huagiza sehemu kubwa ya mbolea zao. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia, kwa hiyo gesi ikipanda Ulaya, mfuko unapanda Njombe. Mwaka 2021 China ilibana mauzo yake ya mbolea nje, na Februari 2022 vita vya Ukraine vikavuruga mbolea ya Urusi na Belarusi. Mkulima wa ekari mbili hakusababisha lolote kati ya hayo. Bila ruzuku, wakulima wengi wangeacha mbolea msimu huo, na mwaka uliofuata chakula kingepungua kwa wote, pamoja na wa mijini.

Hoja ya tatu ni ya udongo. Mwaka 2006, viongozi wa Afrika walipokutana Abuja, matumizi ya mbolea barani yalikuwa wastani wa kilo 8 za virutubisho kwa hekta, nao wakaahidi kuyafikisha kilo 50 ifikapo 2015. Lengo halikufikiwa. Shamba linalovunwa kila mwaka bila kurudishiwa kitu huchoka, na mkulima hulazimika kufyeka msitu ili apate ardhi mpya.

Hoja ya nne ni ya kujifunza. Ambaye hajawahi kutumia mbolea haamini mpaka aone. Watafiti waliofuatilia wakulima wa mahindi katikati ya Msumbiji waligundua kwamba waliopewa ruzuku ya msimu mmoja tu waliendelea kutumia mbolea hata baada ya ruzuku kuisha, na marafiki zao ambao hawakupewa wakaiga. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwa ruzuku yenye mwisho.

Na mfano unaotajwa zaidi ni Malawi. Baada ya mavuno mabaya ya mwaka 2005, Rais Bingu wa Mutharika alianzisha mpango mkubwa wa mbolea na mbegu ingawa wafadhili wengi walikuwa na mashaka. Mvua zikawa nzuri, mavuno ya 2006 na 2007 yakafurika, na nchi iliyokuwa ikiomba msaada wa chakula ikauza mahindi Zimbabwe.

Hoja ya mwisho ni ya haki kati ya mataifa. Mwaka 2003, Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilikwenda Shirika la Biashara Duniani kulalamika kwamba ruzuku kubwa za pamba za nchi tajiri, hasa Marekani, zinashusha bei ya dunia. Mkulima wa pamba wa Shinyanga anauza kwenye soko hilo hilo. Ni vigumu kumwambia asimame peke yake akishindana na mwenzake anayebebwa na hazina ya nchi tajiri.

Wanaoipinga wanasema nini

Nao wanaanza na Malawi ile ile. Ndani ya miaka michache mpango huo ulikuwa unameza sehemu kubwa ya bajeti ya wizara ya kilimo, na utafiti, ugani na umwagiliaji vikabaki na makombo. Ukame wa 2016 ulipokuja, ruzuku ikiwa bado ipo, mamilioni ya Wamalawi walihitaji tena msaada wa chakula. Mbolea hainyweshi shamba.

Pingamizi la pili ni nani anayefikiwa. Utafiti wa mpango wa vocha uliofanyika mkoani Kilimanjaro ulikuta takriban asilimia 60 ya vocha zimeishia kwa kaya za viongozi wa vijiji wa kuchaguliwa. Si kila kijiji kilikuwa hivyo, lakini funzo liko wazi: kamati inayochagua wanufaika bila majina kusomwa hadharani hujichagua yenyewe kwanza. Aliye maskini kabisa aliumia kwa njia nyingine, maana alipata vocha akakosa ile nusu ya kuongeza, akaiuza kwa mwenye duka kwa bei ya kutupa. Mfumo wa daftari umeziba tundu la vocha, lakini umeleta swali lake: anayejisajili kwa ekari hewa anaweza kuchukua mifuko asiyoihitaji na kuilangua.

La tatu ni biashara iliyokuwepo. Kama mkulima alikuwa akinunua mifuko minne kwa bei ya soko na sasa ananunua minne ile ile kwa bei ya ruzuku, serikali imelipa lakini hakuna mbolea iliyoongezeka shambani. Huko Malawi, watafiti walikadiria kwamba kila kilo 100 za mbolea ya ruzuku zilipunguza kilo 22 za mbolea ambayo ingenunuliwa madukani kwa bei kamili.

La nne ni mianya ya wizi. Penye bei mbili za kitu kimoja, walanguzi hawakosi. Mbolea ya bei nafuu huvuka mpaka kwenda nchi yenye bei ya juu. Mwaka 2022 serikali ya Malawi ililipa fedha kwa kampuni moja ya Uingereza kwa mbolea ambayo haikufika, na waziri wa kilimo akafutwa kazi. Nchini Kenya, mwaka 2024, mifuko iliyouzwa kupitia mpango wa ruzuku katika maghala ya Bodi ya Nafaka iligundulika kuwa feki. Hoja ya kumng'oa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, ilifika bungeni, ingawa kamati iliyomchunguza ilisema madai dhidi yake hayakuthibitishwa. Wakulima walioweka mifuko ile shambani walikuwa tayari wamepoteza wakati wa kupanda, na wakati huo hakuna fidia inayoweza kuurudisha.

La tano ni siasa. Ruzuku ni rahisi kuanzisha na ni ngumu kuiondoa. Ikishazoeleka, anayeigusa anakosa kura, na anayegombea anaahidi bei ya chini zaidi. New Zealand ni moja ya nchi chache zilizofuta karibu ruzuku zake zote, kuanzia mwaka 1984, na kilimo chake hakikufa. Lakini tusijilinganishe haraka: mkulima wa kule alikuwa na hati ya shamba, benki ya kumkopesha, barabara na soko la nje. Ruzuku iliondoka, hivyo vikabaki.

Piga hesabu ya mfuko wako

Mabishano ya bungeni yana mwisho wake shambani. Tuchukue mfuko mmoja wa urea. Urea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Swali ni kilo moja ya nitrojeni inakuongezea kilo ngapi za mahindi. Jibu hutegemea udongo, mvua, mbegu na palizi. Tuchukue mifano mitatu ya kukadiria.

Shamba la kwanza: udongo mzuri, mbegu bora, mbolea imewekwa kwa wakati. Kila kilo ya nitrojeni inaongeza kilo 15 za mahindi. Mfuko unaleta kilo 345. Kwa shilingi 600 kwa kilo, ni shilingi 207,000. Kwa bei ya ruzuku ya 70,000, mkulima anabaki na 137,000. Kwa bei kamili ya 125,000, bado anabaki na 82,000.

Shamba la pili: udongo wa wastani. Nyongeza ni kilo 8 kwa kila kilo ya nitrojeni, jumla kilo 184. Kwa shilingi 500 kwa kilo, ni 92,000. Kwa bei ya ruzuku anapata faida ya 22,000. Kwa bei kamili anapata hasara ya 33,000.

Shamba la tatu: udongo umechoka na una tindikali, mbolea imefika mahindi yakiwa tayari yametoa mbelewele. Nyongeza ni kilo 5 kwa kila kilo ya nitrojeni, jumla kilo 115. Kwa shilingi 400 kwa kilo, ni 46,000. Hapo mkulima anapata hasara ya shilingi 24,000 hata kwa bei ya ruzuku, kabla hajahesabu nauli na vibarua.

Kwa hesabu hii, mwenye shamba la kwanza mbolea inamlipa hata bila ruzuku. Tatizo lake ni fedha ya Novemba, na mkopo nafuu wa kulipwa baada ya mavuno ungemtosha. Mwenye shamba la tatu haokolewi na ruzuku. Anahitaji chokaa, samadi na ushauri wa afisa ugani kabla ya mfuko. Ni yule wa katikati ambaye ruzuku inabadilisha uamuzi wake. Mpango unaowapa wote watatu bei moja unatumia fedha nyingi kwa wawili ambao ruzuku haikuwa jibu lao.

Tazama pia namna bei ya mahindi inavyotikisa kila mfano. Mwaka 2017 Tanzania ilizuia kuuza mahindi ghafi nje ya nchi, na bei katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ikaporomoka. Serikali inaposhusha bei ya mbolea kisha ikafunga mpaka wakati wa mavuno, mkulima anaweza kupoteza kwenye gunia zaidi ya alichookoa kwenye mfuko. Kwa shamba la pili, mahindi yakishuka kutoka 500 hadi 350 kwa kilo, yanaleta shilingi 64,400, na faida yote ya ruzuku imeyeyuka. Lumbesa nayo hufanya kazi hiyo hiyo kimya kimya: debe la ziada linalojazwa juu ya gunia halilipwi na mtu.

Unaponunua

Usidanganywe na bei ya mfuko. Linganisha virutubisho vilivyomo. Kwa bei za 2022, kilo moja ya nitrojeni kwenye urea iliuzwa kwa takriban shilingi 3,040. Kwenye CAN, yenye nitrojeni asilimia 26, ilikuwa karibu 4,600. Kwenye SA, yenye asilimia 21, ilikuwa karibu 4,760. Mfuko wa SA wa 50,000 ulionekana rahisi kuliko wote, kumbe nitrojeni yake ndiyo iliyokuwa ghali kuliko zote. Bado zipo sababu za kuchagua nyingine: SA ina salfa, ambayo baadhi ya mashamba yanaihitaji, ingawa huongeza tindikali, nayo CAN haipotei hewani kwa urahisi kama urea iliyoachwa juu ya udongo mkavu. Chagua kwa sababu ya shamba lako.

Kisha zingatia haya:

- Jisajili mapema kwa ekari zako za kweli, na uhakiki taarifa zako kila msimu kwa mtendaji wa kijiji au afisa kilimo. Usimpe mtu mwingine namba yako ya usajili. Akichukua mbolea kwa jina lako, mfumo utaonyesha kwamba wewe umeshachukua.
- Pima udongo angalau mara moja kila baada ya miaka michache. Kituo cha utafiti cha TARI Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro vina maabara za udongo. Kipimo cha pH kikiwa chini ya 5.5, uliza habari za chokaa ya kilimo kabla ya kuongeza mbolea.
- Kagua mfuko: mshono wa kiwandani, jina la mbolea na asilimia za virutubisho, uzito wa kilo 50 kwenye mizani. Epuka mbolea inayopimwa kwa kopo kutoka mfuko uliofunguliwa.
- Jaribu urea kwa kuweka kijiko kimoja kwenye glasi ya maji safi na kukoroga. Urea halisi huyeyuka yote na glasi hupata ubaridi. Ukibakiwa na mchanga chini, usiitumie. Jaribio hili lisitumike kwa CAN, kwa kuwa ina madini ya chokaa ambayo huacha mashapo.
- Dai risiti na uitunze hadi mavuno. Bila risiti, malalamiko yako kwa TFRA, au kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kama umeombwa cha juu, hayana mguu wa kusimamia.
- Fukia urea kwenye udongo wenye unyevu, kando kidogo ya shina. Nitrojeni inayopaa hewani imelipiwa na wewe na mlipakodi pia.

Maswali ya kupeleka mkutanoni

Kwa mujibu wa utaratibu wa serikali za mitaa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji hukutana kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo daftari la wakulima linapaswa kusomwa kwa sauti. Uliza majina ni mangapi, ekari ngapi, na mifuko iliyochukuliwa msimu uliopita ni mingapi. Jina la aliyehama au la marehemu litasikika mara moja, kwa sababu majirani wanajuana kuliko mfumo wowote wa kompyuta.

Uliza mbolea itafika lini, na umbali wa wakala wa karibu ni kilomita ngapi. Mkulima anayelipa nauli ya bodaboda kwenda na kurudi mara mbili kwa sababu mtandao uko chini, au anayelala mjini akisubiri foleni, ameshalipa sehemu ya ruzuku yake mwenyewe.

Ngazi ya taifa nayo ina nafasi yake. Bajeti ya wizara ya kilimo hujadiliwa bungeni kabla ya Juni kwisha, na ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutolewa kila mwaka kwa umma. Ripoti hiyo ni mahali pazuri pa kuangalia kama fidia za mbolea zilidaiwa kihalali. Mbunge wako anaweza kuulizwa maswali matatu kutokana na hesabu tuliyopiga. Ni sehemu gani ya fedha ya kilimo inakwenda kwenye mbolea, na ni kiasi gani kinabaki kwa ugani, umwagiliaji na barabara za vijijini? Je, upo mpango wa kumpeleka mwenye shamba zuri kwenye mkopo, na mwenye shamba lililochoka kwenye chokaa? Na mipaka itakuwa wazi wakati wa kuvuna?

Ruzuku ya mbolea inastahili kutetewa pale inapokuwa na watu wake na muda wake: mwaka wa mshtuko kama 2022, mkulima anayejaribu mbolea kwa mara ya kwanza, shamba la wastani ambalo nusu ya bei inalifanya lilipe. Nje ya hapo inakuwa fedha ya umma inayonunua shukrani za msimu mmoja. Kwa hiyo kabla ya kupiga makofi kwa ahadi ya kushusha tena bei ya mfuko, dai kusikia katika sentensi hiyo hiyo mambo mawili: gunia la mahindi litauzwa wapi, na mpango huo utakwisha mwaka gani.